Kikundi cha Jumamosi cha watu walioasiliwa, pale Milimani, Kisumu: nyota nne, ya tano nimeishika kwanza

Nianze na fomu, maana fomu ndiyo iliyonirudisha mara ya pili.

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Mbale, Vihiga. Kazi yangu ni kupima watu, kwa hiyo najua jinsi mtu anavyokaza mabega akisogelewa na tepu. Na mimi nina tepu yangu ninayoiogopa: ule mstari wa fomu za hospitali unaouliza magonjwa ya kwenye familia. Presha ipo? Sukari? Saratani? Miaka mingi nilikuwa napiga kistari hapo. Muuguzi anakiangalia, anainua kichwa, anauliza tena kwa sauti, na benchi nzima nyuma yangu inanyamaza ili isikie jibu.

Hapa Milimani nilipewa karatasi moja tu, ya Kiswahili, na chini ya swali lilelile kulikuwa na visanduku vinne. Najua. Najua kidogo. Sijui. Sitaki kuulizwa leo. Nilitia alama kwenye cha tatu, kisha nikabaki nakitazama cha nne. Hilo neno "leo" mtu amelifikiria. Si "sitaki kuulizwa" na basi. Aliyeiandika alijua kwamba kesho huenda nikataka.

Kwa wasiojua nazungumzia nini: ni kikundi cha watu wazima walioasiliwa utotoni, yaani waliofanywa kisheria kuwa watoto wa wazazi wasiowazaa. Wanakutana Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa nne asubuhi, katika nyumba moja ya zamani yenye mwarobaini mkubwa uani. Kuna kikao cha pamoja, kuna mshauri nasaha wa ana kwa ana, na kuna kile wanachokiita utetezi, yaani kukuandikia barua, kukusindikiza ofisini, na kukukutanisha na wakili. Kikao cha pamoja ni shilingi 200 na asiye nazo haulizwi. Cha ana kwa ana ni 1,000 kwa dakika 50. Jina lao silitaji kwa sababu wao wenyewe hawajabandika bango getini, na nadhani wamefanya vizuri. Mtu akikuona unaingia, anaweza kudhani umeenda kuuliza nyumba ya kupanga.

Nimehudhuria tangu Machi 2024. Kwa hiyo sihukumu kwa chai ya siku moja.

Niliambiwa kwamba nimeasiliwa nikiwa na miaka 29, na aliyeniambia alikuwa karatasi. Baba alifariki Desemba 2019. Sare za familia nilizishona mimi, usiku tatu mfululizo, stima ikipotea nahamia kwenye taa ya simu. Siku ya mazishi wakagawa zile programu zenye picha ya marehemu mbele, nami nikafungua ukurasa wa pili: ameacha mjane na watoto watano. Jina langu lilikuwa la mwisho, baada ya kitinda mimba, na mbele yake wameandika kwenye mabano "wa kulelewa". Mimi ndiye mkubwa. Hao wanne wote nimewabeba mgongoni. Nimesimama pale na gauni la kitambaa kimoja na ndugu zangu, mshono wangu mwenyewe, nasoma mabano.

Mama alinipa bahasha ya kaki wiki mbili baadaye. Ndani kulikuwa na amri ya Mahakama Kuu ya Kisumu ya mwaka 1991, nami nilizaliwa 1990. Hakulia, wala mimi sikulia. Alisema tu, "Baba yako alitaka tukwambie ukimaliza shule. Halafu ukamaliza." Mama yangu ni mwalimu mstaafu, na hiyo ndiyo sentensi pekee niliyowahi kumsikia akiiacha bila kuimaliza vizuri.

Kabla ya Milimani nilikwenda kwa mshauri mwingine, mji mwingine, ofisi nisiyoitaja. Yule alinisikiliza kama dakika kumi, akaniambia Mungu alinipenda kuliko watoto wengine, kwamba kuna waliotupwa na hawakuokotwa, kwa hiyo nishukuru na nisamehe. Nikashukuru. Nikalipa. Nikapanda matatu na kichwa kinachogonga kama cherehani isiyo na mafuta. Nilikaa zaidi ya miaka miwili bila kumwambia mtu yeyote tena.

Ndiyo maana siku ya kwanza Milimani nilikuwa nangoja. Nikajisemea, sasa hivi litakuja lile neno. Halikuja. Mpaka leo halijaja. Huyu mshauri nasaha, mama wa makamo, hajawahi kunitaka nimshukuru mtu, na hajawahi kunitaka nimchukie mtu pia. Kama mtu angeniuliza natoa nyota nne kwa sababu gani, ni hiyo, na mengine nayaandika kwa kuwa nina nafasi.

Wanachofanya wanakiita huduma inayotambua kiwewe, yaani kumhudumia mtu ukijua huenda kuna jambo zito lililomuumiza na bado analibeba. Neno lenyewe, kiwewe, lilitutia vitani nusu saa nzima, mzee mmoja wa Siaya akishikilia kwamba kiwewe ni mtu aliyechanganyikiwa sokoni hajui ashike njia ipi, na yeye hajachanganyikiwa. Wengine wakataka "jeraha". Kijana mmoja akasema yeye hana jeraha lolote, wazazi wake ni wazuri, amekuja kwa ajili ya kitambulisho. Tukacheka, na mshauri hakumlazimisha awe nalo. Hilo nalo nimelipenda. Kuna watu wanaofika wakiwa wazima kabisa, na hawashonewi kidonda ili wafanane na wenzao.

Kwa vitendo, huduma hiyo ni mambo madogo madogo ambayo mtu asiyeyahitaji hatayaona. Unachagua kiti mwenyewe, na viti havijapangwa ili mtu akae na mgongo mlangoni. Mshauri akitaka kufunga dirisha anasema kwanza, "Naenda kufunga dirisha," ndipo anainuka. Anakwambia zimebaki dakika kumi, halafu tano, ili mazungumzo yasikatike kama uzi. Ukitoka nje hakuna anayekufuata. Kuna benchi chini ya mwarobaini, unakaa, unarudi au hurudi.

Na kuna siku moja niliganda. Ndivyo wanavyoita: wengine mwili ukiogopa hupigana, wengine hukimbia, wengine huganda. Tulikuwa tunazungumzia mazishi, nikahisi midomo mizito, sauti za watu zimekwenda mbali. Mshauri hakunishika. Aliniuliza taratibu, "Dada, ungekuwa kibandani sasa hivi, mkono wako wa kulia ungekuwa umeshika nini?"

"Makasi."

"Ya chuma au ya mshikio wa plastiki?"

"Ya chuma. Ya zamani. Yalikuwa ya bibi mmoja Mhindi, niliyanunua soko la Kibuye."

"Yana baridi asubuhi?"

Yana baridi asubuhi, ndiyo, mpaka saa tatu hivi. Nilipomjibu hilo nilikuwa nimesharudi chumbani. Mpaka leo nikielemewa, iwe foleni ya hospitali au mkutano wa ukoo, nayashika makasi yale kichwani. Hayo sikufundishwa na kijitabu. Alichukua kitu kutoka kazini kwangu akanirudishia.

Yeye pia ndiye aliyenipa maneno ninayoyatumia kuwaelezea ndugu zangu: huu ni msiba usio na matanga. Kwetu mtu akifa watu wanakuja, wanalala nje kwenye baridi, wanapika, wanalia na wewe, halafu siku moja wanaondoka nawe unajua umeanza maisha mengine. Mtu aliyempoteza mama aliyemzaa kabla ya kujua kusema hana siku hiyo. Hajui hata kama kuna aliyekufa.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nitafute msaada, maana haikuwa mabano ya programu. Mabano ningeweza kuyabeba. Ni mwanangu.

Alizaliwa 2021. Akiwa na miezi tisa vidole vya mikono na miguu vilimvimba pamoja, analia ukimgusa. Nilidhani amefungwa nguo inayombana, fundi huwaza nguo. Daktari alipomwona tu akauliza: upande wa baba kuna sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Mume wangu akasema yupo binamu. Upande wa mama? Nikapiga kile kistari changu, safari hii kwa mdomo. Wakatupima wote watatu. Mtoto ana selimundu kamili, ndiyo hiyo sikoseli. Baba yake ana chembe moja ya urithi wa ugonjwa huo bila kuumwa, na mimi nina moja. Watu wa Magharibi na wa huku ziwani tunaijua hesabu hii, iko kwenye nyumba nyingi mno: wazazi wote wawili wakiwa na chembe, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuupata ugonjwa wenyewe.

Mume wangu alilia. Mimi nilikuwa nawaza jambo lingine ambalo niliona aibu kulisema mpaka nilipofika Milimani. Chembe hiyo sikuiokota barabarani. Angalau mmoja kati ya wale wawili walionizaa alikuwa nayo. Hiyo ndiyo habari ya kwanza kabisa niliyowahi kupata kuwahusu, na nimeipata kwenye damu ya mtoto anayeumwa. Nilipoisema kikaoni, yule mzee wa Siaya, mbishi wa kiwewe, alitoa kofia akaishika magotini. Hakuna aliyenipa ushauri. Tukanywa chai.

Mwanangu ana miaka minne sasa, anameza foliki yake ya damu na paludrini ya kuzuia malaria kila siku na anawasumbua kuku wa jirani.

Upande wa utetezi. Wakili anakuja Jumamosi ya tatu, hakutozi, ila gharama za kufungua faili mahakamani ni zako. Aliisoma bahasha yangu ya kaki ukurasa kwa ukurasa, na yeye ndiye mtu wa kwanza kunieleza nilichokuwa nimekishika. Amri yangu ilitolewa chini ya ile Sheria ya Kuasili ya zamani, Sura ya 143. Hiyo ilifutwa na Sheria ya Watoto ya 2001, nayo ikabadilishwa na ya 2022. Sheria zimepita, amri yangu imebaki palepale. Na maana yake ni kwamba mbele ya sheria mimi ni mtoto wa baba yangu sawasawa na kama angenizaa, hata kwenye urithi. Nilimwomba aniandikie hayo kwa Kiswahili kwenye karatasi, kwa sababu baba mdogo alikuwa ameanza kusema shamba ni la damu. Akaandika. Baba mdogo ameisoma. Siku hizi ananisalimia kwa mbali, lakini ananisalimia.

Kuhusu walionizaa, hapo pagumu zaidi. Daftari la walioasiliwa liko kwa Msajili Mkuu, na kile kinachounganisha jina langu la sasa na kumbukumbu ya kuzaliwa kwangu hakitolewi dirishani. Kinatoka kwa amri ya mahakama. Kwa hiyo tumeandika ombi, na tumeweka ugonjwa wa mtoto mbele kama sababu, pamoja na barua ya daktari. Wakili hakuniahidi kitu. Aliniambia tangu mwanzo kwamba naweza kupata jina, naweza kupata karatasi tupu, na naweza kupata mtu asiyetaka kupatikana, na kwamba kabla ya kuweka sahihi niende kwanza kwa mshauri nikae na hayo matatu, moja moja. Nilikaa nayo vikao vitatu. Ombi liko mahakamani mpaka sasa.

Yule kijana aliyekuja kwa ajili ya kitambulisho, amenikubalia niandike hili, yeye aliokotwa sokoni akiwa mdogo sana. Ofisi aliyokwenda ilimtaka alete kitambulisho cha babu. Cha babu! Wenzetu hawa wakamwandikia barua yenye Katiba ndani yake, kifungu cha 14, sehemu ya nne: mtoto anayepatikana Kenya, akionekana hajafikisha miaka minane, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Wakaenda naye, wakakaa naye kwenye foleni. Safari ya tatu ndipo akapigwa picha. Sasa anaendesha bodaboda ya mkopo akiwa na kitambulisho chake mwenyewe, na kwenye simu ameweka picha ya barua ile, ya nini sijui, labda kwa ajili ya trafiki.

Haya, malalamiko. Nisipoyaandika mtasema nimelipwa.

La kwanza ndilo kubwa. Kuna kikundi kingine pale cha wazazi walioasili watoto, na siku moja mwaka jana ratiba ziligongana wakatuweka chumba kimoja. Mama mmoja akaanza kueleza walivyomtafuta mtoto, walivyopimwa na kuhojiwa, na sasa kijana wao wa miaka kumi na tano hataki kumwita mama. "Tuliwaokoa," alisema, akiangalia upande wetu. Halafu akalia sana. Na mnajua nani alimpa kitambaa? Sisi. Watu sita walioasiliwa, kila mmoja ameinuka kumbembeleza mama wa mtu mwingine, ndiyo kazi tunayoijua tangu utoto. Nilimshika bega nikamwambia atarudi kwako, mama, vuta subira. Nilifika Mbale nikakata suruali ya mteja fupi kwa inchi mbili.

Jumatatu yake mshauri alimpigia simu kila mmoja wetu. Hakujitetea. "Tulikosea ratiba, na tukawaachia kazi isiyokuwa yenu." Tangu hapo wazazi wanakuja Jumamosi za kati. Lakini mmoja wetu hajarudi tena, na kiti chake wanakiacha wazi, jambo ambalo binafsi sijui kama linasaidia.

La pili, lugha. Alikuja dada aliyelelewa Uholanzi, alichukuliwa hapa akiwa mchanga, miaka mingi kabla serikali haijasimamisha watoto kuasiliwa na wageni mnamo Novemba 2014. Tulifurahi kumwona. Ila siku hiyo kikao chote kiligeuka Kiingereza, na wale wawili wasiokimudu walikaa kimya saa mbili wakimenya njugu. Mkalimani alihitajika kwa mtu mmoja, si kwa chumba kizima. Yeye mwenyewe dada yule aliniambia nje, kwa ishara na maneno machache, kwamba wauza samaki wa Dunga walimsemesha Kijaluo wakamuuliza yeye ni nyar kanye, binti wa wapi, akatamani ardhi ipasuke. Nikamwambia hilo swali hata mimi ninayejua lugha tatu linanichoma.

La tatu, wakili ana haraka. Watu wanane, saa mbili, hesabuni wenyewe. Ukitaka akusome vizuri fika saa mbili unusu uandike jina.

Chai ni nzuri, ya maziwa, si ile ya maji yaliyopakwa rangi. Choo kiko nje na ufunguo una kibao cha mbao kikubwa kama mwiko, kwa hiyo kila mtu anajua unakwenda wapi.

Mama anajua ninakokwenda. Mwanzoni aliniuliza, "Mnanisengenya huko?" Nikamwambia, "Hapana, Mama, tunasengenya sheria." Akafikiri, akaenda shambani. Sasa kila Jumamosi ya kikao nakuta kichane cha ndizi mlangoni kimefungwa kwa karatasi ya gazeti. Hasemi ni cha nani. Nakibeba kwenye matatu mpaka Kondele, nashuka, nachukua tuktuk, na kule wamezoea, wanaziita ndizi za Mwalimu. Mwezi uliopita alitaka kujua kama wazazi nao huwa wanakaribishwa. Nilimwambia wana siku yao. Sijamwambia ni siku gani.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya dirisha. Chumba cha ana kwa ana kinatazama barabarani, na pazia lililopo ni jembamba na halikutani katikati, limeacha mwanya wa kiganja. Mtu analia mle ndani huku bodaboda zinapita. Nimelisema mara tatu, nikajibiwa bajeti. Basi mara ya mwisho nilitoa tepu mkobani nikapima: upana 150, urefu 210. Kitambaa nimeshakata, kahawia, kizito, na nimeacha pindo la sentimita kumi chini, maana nyumba za zamani hazina pembe hata moja iliyonyooka.